Kaburi la Mgeni wa Babu

Mtu aliyezikwa kando ya babu yangu si ndugu yetu, na katika ukoo mzima hakuna awezaye kuniambia kama alikufa Mkristo au Mwislamu.

Habari zake nilizipata kwa bahati. Baada ya mavuno ya mahindi tulikubaliana kuyajengea makaburi ya nyumbani, nje kidogo ya mji wa Songea, kwa saruji na misalaba. Mama akanituma parokiani nikatafute mwaka wa kuzaliwa wa babu, baba mkwe wake. Katika daftari la zamani niliona kwamba padre wa enzi za babu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiandika watu: babu, bibi, watoto wao, na chini kabisa, bila jina, "mgeni kutoka Tunduru, anakaa hapa, hajabatizwa."

Nilipomweleza mama, aliacha kupepeta mahindi.

"Basi ndiye wa kaburi la pembeni," alisema. "Mimi naolewa hapa, alikuwa ameshakufa. Nikimwekea msalaba na hakuwa Mkristo, nimemdhulumu. Nikimnyima, na labda alibatizwa baadaye, nimemdhulumu vilevile. Nenda kaulize, fundi anaanza karibuni."

Nilianzia kaburini. Nilikumbuka kwamba huku kwetu Waislamu huswali wakielekea kaskazini, na maiti hulazwa akiangalia huko, kwa hiyo kaburi lake huchimbwa kutoka mashariki kwenda magharibi. Nikapima. Limekaa hivyohivyo. Nikapima la babu, Mkatoliki wa kutupwa. Nalo limekaa hivyohivyo.

Nikarudi parokiani. Watu wazima waliobatizwa miaka ile waliandikwa kwa majina mapya tu, bila kutaja walikotoka. Yeyote kati yao angeweza kuwa yeye.

Akabaki shangazi yangu wa Bombambili, dada wa marehemu baba. Mgeni huyo ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Nilikwenda kwake nikiamini kazi imekwisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasikia unamtafuta mwizi wetu wa kuku."

"Alikuwa akisali wapi?"

"Mtu wa Tunduru asali? Alikuwa anasujudia chungu cha wali!"

"Nyama ya nguruwe alikula?"

"Alikula mpaka kwato. Mkia tuliutafuta hatukuuona."

Baba mdogo, aliyekuwa amekaa mlangoni, akadakia: "Mwongo huyo! Akiona nguruwe alikuwa anapanda mti, mpaka bibi yako akamshushe."

Walicheka hadi shangazi akafuta machozi kwa khanga. Mimi sikucheka. Familia yetu na watu wa Tunduru ni watani. Mtani hutukanwa akiwa hai, na akifa hutukanwa zaidi, mbele ya jeneza lake. Kwa hiyo miaka yote hii kumbukumbu za mtu huyu zimetunzwa kwa matusi peke yake, na kila tusi lina jingine la kulipinga. Nilimwomba shangazi aniambie ukweli, walau kidogo, bila utani. Hapo alikasirika kweli.

"Nimtaje kwa adabu, adhani tumemsusa? Huyo alinilea!"

Nilipanda basi kwenda Tunduru. Baba mdogo aliwahi kusikia kijiji cha Namasakata kikitajwa kuwa kwao mgeni, nami nikakishika hicho. Huko nilipelekwa kwa bibi mmoja ambaye kaka yake aliondoka ujanani kwenda kulima tumbaku upande wetu, asirudi. Nilieleza shida yangu taratibu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akawageukia wajukuu zake.

"Mwoneni Mngoni! Wameiba mtu wetu, wamemla, sasa wanakuja kuuliza alikuwa na ladha gani!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Nilipong'ang'ania, akasema kaka yake alihitimu madrasa kabla ya kuondoka. Alichokuwa baadaye, hajui. Na kama kaka yake ndiye mgeni wetu, hilo pia hajui.

Niliporudi, fundi alikuwa amekwisha kumwaga saruji kwenye makaburi yote. Kichwani kwa kaburi la mgeni ameacha tundu la kusimikia msalaba. Kila asubuhi anampigia mama simu kuuliza alizibe au asimike, na kila asubuhi mama ananipa mimi simu.