Chungu Kimoja Tu

Nikipita mahali mtu anaponda mizizi ya munkoyo, ile harufu yake ya udongo na uji wa mahindi hunipandisha hasira. Msinishangae. Wengine hukumbuka utoto wakatabasamu. Mimi namkumbuka kaka mkubwa wa baba yangu, na damu hunichemka.

Tulikaa Manika, pale Kolwezi, enzi za Zaïre, kila mtu alipoitwa citoyen, yaani raia. Mama alipika munkoyo wa kuuza, kinywaji kitamu kinachochacha kikilala. Alipika chungu kimoja kwa siku. Kikiisha adhuhuri alikigeuza kifudifudi mlangoni, na hata ungelia hupati tone. Kisha alioga, akajifunga kitenge safi, akamsongea baba bukari, ugali wetu. Sisi watoto tulifukuzwa tukacheze mbali. Wawili hao walikaa wakiongea na kucheka mpaka king'ora cha mgodi kilipomwita baba zamu ya jioni.

Baba mukubwa, na koti lake la abakosti lililombana tumbo, hakuweza kuvumilia kuona chungu kimelala.

"Mama Ngalula, batu banarudia na bikombe bitupu, na weye unaikala tu! Tupike fût muzima, tuuzishe mpaka mangaribi."

"Hapana, tata. Kisha midi, saa sita ya muchana, mi niko na bwana yangu."

"Bwana hatakimbia. Falanga ndiyo inakimbia!"

Asubuhi moja mama alipokwenda kusaga mahindi, baba mukubwa alituletea hiyo fût, pipa la mgodini, bado linanuka mafuta. Akalijaza uji, akatumbukiza humo mizizi yote ya mama, akawatangazia wateja waje alasiri. Hakuomba ruhusa ya mtu. Mama aliporudi alitua beseni lake, akalisukuma pipa kwa mikono miwili mpaka likapinduka. Munkoyo ukatiririka barabarani, mbwa wakaukimbilia, na majirani wakacheka waziwazi.

"Mwanamuke wa bukosefu!" alifoka baba mukubwa. "Batoto yako batakufa na njala!"

Baba alitoka na fulana ya kulalia. Tuliganda, maana kwetu mdogo hampandishii mkubwa wake sauti. Alimwambia kaka yake polepole tu: "Yaya, beba fût yako."

Alibeba. Kisha akatangaza kwa ukoo mzima kwamba mama amemkalia baba kichwani. Mimi nilidhani mama alikuwa mkaidi, basi.

Baba alifariki nikiwa msichana mkubwa. Kwenye kilio baba mukubwa alichukua kiti cha mbele, akawaambia waombolezaji kuwa mama angemsikiliza, leo angekuwa mjane tajiri. Ndipo nilipoelewa. Kila usiku baba alirudi kutoka mgodini mama akiwa amelala, na mama aliamka kupika baba akiwa usingizini. Ndoa yao yote iliishi katika zile saa chache za mchana, na hizo ndizo alizotaka baba mukubwa wauze. Sijamsamehe, wala sitafuti sababu ya kumsamehe.