Mama Anayeijua Kipoyi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya koperative moja ya akiba hapa mjini Baraka. Mbele yangu muuguzi mmoja, mwanamke, alikuwa anaomba mkopo. Yeye na wenzake wametengeneza programu ya simu: muuguzi wa kituo cha mlimani anatuma picha na hali ya mgonjwa, daktari wa Baraka anajibu. Sasa wanataka kuifikisha kwenye vituo vingine.

Ajenti wa koperative aliisukuma dosiye, faili la maombi yake, kwa kidole kimoja, kama sahani ya bukari, ugali wetu, uliopoa.

"Hii ni kazi ya mji mukubwa kama Bukavu, dada. Huku hata rezo ya simu haiko."

"Ujumbe unangojea rezo ndani ya simu," muuguzi akajibu, akairudisha dosiye. "Mugonjwa ndiye haweze kungojea."

"Na garanti ya mukopo? Uko na nyumba? Uko na parcelle ya kujenga?"

Muuguzi akatikisa kichwa.

"Andika garanti ni shamba yangu ya mihogo, kule juu Fizi," ilisema sauti nyuma yangu. Mama mmoja alikuwa ameinua kitabu chake cha akiba.

Ajenti akacheka. "Mama, unajua programu ni nini?"

"Mi sijue. Kipoyi ndiyo najua. Tulibeba mutoto wangu mugonjwa juu ya ile machela ya miti, siku muzima. Tulifika Baraka, alikuwa amekwisha kufa."

Ajenti alianza kutafuta kalamu. Ilikuwa mkononi mwake.

Wanaotuambia huku hatujawa tayari kwa programu kama hiyo, waje kwanza waweke bega chini ya kipoyi. Tutaongea tukifika.