Breki ya Pili

Neno la kwanza la baba yangu baada ya miezi mitano ya ukimya lilikuwa tusi.

Tusi zito, la stendi. Silirudii hapa, mama mkwe wangu anasoma haya mambo.

Mama alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Baba akalirudia. Mama akakaa chini, akalia kwa furaha.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Baba alifundisha udereva miaka thelathini. Kiharusi kikampooza upande wa kulia, kikaondoka na sauti. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakutuzungusha: mkono usipofanyishwa kazi sasa, ndiyo basi tena. Tukaleta mipira ya kuminya. Baba akaiangalia tu.

Nikaleta gemu yangu ya magari, nikamshikisha padi ya kuchezea. Hiyo akaikamata.

Humo kuna daraja bovu, na kabla yake kona kali. Baba alitumbukia mtoni mara kumi na nne. Ya kumi na tano ndiyo likatoka lile tusi.

Wiki nzima ikawa hivyo. Anatumbukia, anatukana, anatetemeka kwa hasira, anaanza upya. Vidole vikaanza kufunguka.

Sasa mimi na akili zangu nyingi nikaogopa presha. Mtu katoka kwenye kiharusi, halafu namwacha afoke kutwa? Aliposinzia nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka ngazi rahisi kabisa, ile ambayo gari linajishikilia lenyewe kwenye kona. Sikumwambia mtu.

Kesho yake akavuka daraja. Akavuka tena. Akashinda mbio saba mfululizo, mimi pembeni napiga makofi kama mjinga.

Baba hakutabasamu. Aliweka padi chini, akageukia ukuta.

Siku tisa hakuigusa. Hakutukana hata kidogo, na vidole vikaanza kujikunja tena. Mtaalamu akaushika ule mkono, akauliza tumebadilisha nini. Nikasema hakuna. Jibu lile linanitia aibu mpaka leo.

Alipoondoka nikakaa kitandani kwa baba, nikambembeleza acheze. Mbona sasa anashinda?

Akanitazama weee. Kisha maneno yakatoka, moja moja.

"Kona ile... kwa spidi ile... haipitiki."

Akaielekezea padi kidevu.

"Toa mguu wako."

Nilielewa palepale. Gari la kufundishia lina breki ya pili, upande wa mwalimu. Hata mimi alinifundisha nalo. Kila kona lilikuwa linapunguza mwendo, na mimi najiona dereva. Siku alipoondoa mguu wake nikaparamia ukingo, nikalia njia nzima, na ndiyo siku niliyojua kuendesha.

"Nisamehe, baba."

Nikarudisha ngazi ngumu huku anaona.

Akatumbukia. Akatukana. Jikoni mama akasema afadhali.

Ilimchukua siku kumi na moja kuvuka. Alipofika ng'ambo alipiga kelele na kurusha mkono juu. Ulikuwa ule wa kulia. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho kugundua.

Nilichojifunza ni hiki: hasira niliyotaka kumwondolea ndiyo iliyokuwa inamrudisha kwenye ile padi kila asubuhi. Mtu wako akikasirikia kitu anachokipenda, usimlainishie njia. Mpe maji, kaa karibu.

Mimi daraja lile sijalivuka mpaka leo. Baba hukaa nyuma yangu, mikono yote miwili kaikunja kifuani, na hanisaidii kabisa.