Mashimo ya Miche

Ngitiri yetu haikuwa kubwa. Ni kipande cha nyika ambacho sisi wakulima wadogo wa kijijini tulikubaliana kukifunga masika yote, majani yarefuke, ili kiangazi kikikaza ng'ombe wapate cha kula. Mama ana maksai wawili. Wakikonda hao, hakuna kulima mpunga, tunabaki na jembe la mkono. Ndiyo maana mimi, niliyeishia darasa la saba, niliingia chama cha wakulima, na kila mkutano nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wanasogea upande wetu. Chama kikaamua tupande miti mpakani, kila mtu ajue eneo lina wenyewe. Tulichimba mashimo kutwa nzima huku tukiimba, mstari umenyooka hadi raha, udongo tumeulundika pembeni. Miche ingeletwa kesho yake. Nililala nikiota kivuli.

Miche ilichelewa. Wachimbaji hawakuchelewa. Kumbe dereva wa bodaboda aliyetupita alifika Kahama na habari kwamba watu wanafukua mashimo porini, tena wanaimba! Asubuhi tulikuta pikipiki zimeegeshwa juu ya majani yetu, sururu zinalia, na mama mmoja tayari anakaanga chapati.

"Hapa hakuna dhahabu!" nilipiga kelele. "Ni mashimo ya miti!"

Kijana mmoja akacheka hadi akaegemea sururu yake. "Dogo, nani anauimbia mti? Umeshapata chako, sasa unatufukuza."

Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji. Akatusikiliza, akauliza swali moja tu: nani alianza kuchimba? Ikabidi tuseme ni sisi. Akasema tumwachie, atalifuatilia. Nililijua lile "atalifuatilia".

Tuliporudi, ndani ya shimo moja nilimwona mhazini wa chama chetu, mzee niliyemheshimu, amezama hadi kiunoni.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Hebu sogea. Pale ulipochimba wewe jana, udongo ulikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi," nikamjibu. "Wa majani."

Akaguna, akaendelea kuchimba.

Sikungoja kiangazi. Nilikwenda nyumbani nikawafungua maksai wa mama, nikawaingiza kwenye ngitiri siku ileile, wale kilichobaki kabla hakijakanyagwa. Walikula taratibu, wakizizunguka pikipiki.