Boila ya Kinyozi

Watu walimwita Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Alikuwa kinyozi. Alikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka kilichokuwa kimegoma kuzunguka, kioo kimoja chenye ufa, na imani kubwa kwamba mwanamume asiyefunikwa taulo ya moto usoni kabla ya wembe hajanyolewa, amemenywa tu kama kiazi.

Boila aliinunua kwa ajili ya taulo hizo. Ulikuwa mtungi mrefu wa umeme wa kuchemshia maji, wenye bomba dogo chini, wa aina ile inayochemsha chai ya mkutano mzima. Aliupata kwenye kantini iliyofungwa, kwa mtu aliyeapa kwamba ni mzima. Mzima ulikuwa, ila ulikuwa na tabia. Maji yakianza tu kutokota, kitufe cha pembeni kinafyatuka, ka, na umeme unakatika. Kwa taulo hilo si neno. Kwa bia ni balaa, maana bia inataka kutokota saa nzima bila kupumzika, na Kinyozi alikuwa anapika bia.

Mke wake, mwalimu wa shule ya msingi aliyeweza kunyamazisha darasa kwa kuinua nyusi tu, hakuwa adui wa bia. Alikuwa adui wa baa. Alisema mume wake huenda baa na akili na kurudi na wimbo. Kinyozi, mtu mtii, akaacha baa. Bia hakuiacha, kwa sababu hakuna aliyemwambia aiache. Tatizo ni kwamba Jumapili ya kwanza ya upishi wake, mkewe alipomuuliza anaenda wapi mchana wote, alijibu haraka kuliko alivyofikiri: "Kuchemsha taulo." Mwalimu akafurahi mno. Kesho yake akawasimulia walimu wenzake, keshokutwa majirani, na mwisho wa wiki mtaa mzima ukajua kwamba kuna mwanamume mmoja duniani anayetoa Jumapili yake kwa ajili ya usafi. Sasa hebu wewe umwambie mke wa namna hiyo kwamba ulikuwa unapika pombe.

Basi kila Jumapili mchana alijifungia chumba cha nyuma cha kinyozini. Alitia kimea kilichopondwa kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa chepesi, akautumbukiza ndani ya boila kwenye maji ya moto ambayo kidole huyavumilia kwa kiapo kimoja tu, akauacha ulowe mpaka maji yawe matamu. Mfuko akautundika msumarini uchuruzike. Kisha akachemsha yale maji matamu pamoja na hopsi, yale maua makavu machungu yanayoipa bia uchungu wake, na kitufe chenye tabia akakibana kwa njiti ya kiberiti. Sukari iliyoungua chini ya mtungi aliisugua baadaye kwa brashi kuukuu ya kupakia povu la kunyolea. Yale maji matamu yakishapoa aliyamimina kwenye ndoo yenye mfuniko, akatia hamira, akaisukuma ndoo chini ya rafu ya taulo, penye joto zuri, ikae ipumue kupitia mrija mwembamba.

Tena hakuwa mwongo kabisa. Kwa kuwa alisema anachemsha taulo, alizichemsha, mle mle ndani ya boila, katika maji ya kusuuzia, kwa sababu umeme ni ghali na maji ya moto hayatupwi hovyo. Halafu alizipanga rafuni, juu ya ndoo.

Bia ya kwanza ilikuwa na ladha ya kiatu kilicholoa. Ya pili ilipasua chupa zake yenyewe, na jirani akaambiwa ni tairi. Ya tatu aliinywa glasi moja, akakaa kwenye kiti kisichozunguka, akajiangalia kwenye kioo chenye ufa na kujiona mtu wa maana.

Harufu hakuisikia kamwe. Pua yake ilikuwa imeshakufa zamani kwa spiriti na poda. Nyani haoni kundule, na kinyozi hajinyoi. Alichokiona ni kwamba wateja siku hizi wakitoka kwake wanapitiliza moja kwa moja baa ya jirani, na mwenye baa anawaambia watu kwamba ni kwa sababu ya viti vipya.

Mteja mmoja tu ndiye hakupitia baa. Huyo ni Fundi Saa, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza saa kwenye kona. Fundi Saa alikuwa mlevi wa kutegemewa kwa miaka mingi, mpaka mkono ulipoanza kumtetemeka. Fundi viatu akitetemeka anajidunga, basi. Fundi saa akitetemeka hana kazi. Mkewe, Mshonaji, aliyeshona sare za shule sebuleni kwake, alimwekea mbele mambo mawili, chupa au nyumba. Fundi Saa akachagua nyumba. Mkono ukatulia. Saa za watu zikaanza kurudi kwa wenyewe zikitembea.

Tangu aache pombe, Fundi Saa alikuwa mtanashati kupita kiasi. Mwanzoni alikuja kunyolewa mara moja kwa wiki, kisha mara mbili, kisha akawa anakuja leo na keshokutwa anarudi. Ndevu hazikuwa na nafasi ya kuota.

"Ndugu yangu, hapa hamna kitu," Kinyozi alimwambia. "Nanyoa kumbukumbu."

"Nyoa hivyo hivyo."

"Na taulo?"

"Weka. Na iache ikae kidogo."

Alilala chali chini ya taulo, kifua kikipanda na kushuka polepole, na Kinyozi akafurahi kupata hatimaye mtu anayethamini kazi.

Halafu wiki moja Fundi Saa hakuonekana. Alipotokea, alikuwa na begi la nguo mkononi.

"Mke wangu amenifukuza," alisema. "Anasema nanuka pombe. Ananinusa shavu, ananinusa kola, ananuka moto yeye mwenyewe kwa hasira. Naapa sijaonja hata tone, Daktari. Nalala kibandani, saa zote zinanigongea masikioni."

"Umemwambia hujanywa?"

"Mlevi gani hasemi hivyo? Jumamosi kaka zake wanakuja. Wakishakaa kikao, wanamchukua yeye na watoto. Ndiyo imekwisha."

Kinyozi akampa pole, na alimaanisha. Alipojitolea kwenda kumtetea, alijiona mtu mwema kweli kweli. Alikwenda siku hiyo hiyo, akasimama mlangoni kwa Mshonaji na koti lake jeupe.

"Shemeji, mumeo hanywi. Mimi namwona kila mara. Naweka dhamana."

Mshonaji alimsogelea, pini zimebanwa midomoni, akavuta pumzi mara moja. Akazitoa pini.

"Shemeji," alisema, "mlevi akitetewa na mlevi, mimi nifanye nini?" Akafunga mlango.

Kinyozi alirudi akinung'unika. Mlevi, yeye? Siku hiyo hajagusa kitu. Akaingia chumba cha nyuma, akachukua taulo moja rafuni, akaizamisha pua yake mbovu ndani kabisa, akavuta mpaka machozi yakamtoka. Na hapo, kwa mbali, kama mtu anayekuita kutoka mtaa wa pili, akaisikia. Bia. Tena nzuri, alikiri.

Alifua taulo zote kwa sabuni kali, akazianika, lakini la kuvunda halina ubani. Hata zingetakata, hilo halingemrudisha mtu nyumbani kwake. Mtu mwingine alikuwa analala kati ya saa mbovu kwa sababu yake yeye na mtungi wake. Angeweza kusema. Lakini akisema, Mwalimu atajua, na mtaa mzima aliousimulia habari za usafi wa mumewe utajua pamoja naye. Siku zote zilizobaki alinyoa watu vibaya. Mmoja alitoka na ndevu upande mmoja, akadhani ndiyo mtindo.

Jumamosi alifika kwenye kikao na taulo moja aliyoiacha bila kufuliwa, na ule mfuko wa kimea chini ya kwapa. Sebuleni kulikuwa na cherehani, rundo la mikono ya mashati ya shule, na kaka wawili. Yule mkubwa alikuwa mtu wa ibada aliyekataa hata dawa ya kikohozi kwa kuogopa kilevi. Fundi Saa alikaa pembeni na begi lake mapajani. Na kwenye kiti kizuri, ameitwa kama rafiki wa familia na mtu wa busara, alikaa Mwalimu.

Kinyozi alipomwona mkewe alitamani kurudi nyuma. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Anayenuka ni mimi," alisema. "Yeye ananuka taulo zangu. Na taulo zangu zinanuka bia, kwa sababu napika bia kwenye boila ile ile ninayozichemshia. Kila Jumapili."

Hakuna aliyemwangalia Mwalimu. Mwalimu aliinua nyusi, basi.

"Hadithi nzuri," alisema kaka mdogo. "Mmeipanga lini?"

Kinyozi akakunjua ule mfuko. "Shemeji, mwulize huyu."

Mshonaji aliushika, akapitisha kidole kwenye mshono, akaugeuza ndani nje. "Huu mshono wangu," alisema taratibu. "Nimeupiga mara mbili. Uliniambia ni wa kuchemshia taulo." Akaunusa, akakunja uso. Kisha akasema, "Naomba maji ya moto."

Maji yakaletwa. Akailoweka taulo, akaikamua, na kabla kaka mkubwa hajajua ni nini, akamfunika nayo uso mzima. Mtu wa ibada akapiga kelele za chinichini mle ndani, halafu akanyamaza, halafu akanyamaza zaidi ya ilivyohitajika. Mshonaji akaifunua, akainama, akamnusa kaka yake shavuni.

"Kaka," alisema, "umelewa."

Kaka mdogo ndiye aliyeanza kucheka. Mshonaji hakucheka. Alikwenda kwa mumewe, akalichukua lile begi mapajani pake, akalipeleka chumbani mwenyewe. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Chakula kipo," alimwambia, na Fundi Saa akainamisha kichwa, mabega yanamtikisika.

Kurudi nyumbani, Kinyozi alitembea hatua mbili nyuma ya Mwalimu. Karibu na mlango ndipo Mwalimu aliposema.

"Nimekusifu kwa watu, baba watoto."

"Najua. Nisamehe."

"Mpaka mwalimu mkuu nimemsimulia." Akatafuta ufunguo kwenye mkoba kwa muda mrefu. "Hiyo bia yenyewe inanyweka?"

"Ya mwisho ilinyweka vizuri."

"Na mimi hukunionjesha."

Hilo ndilo lililomuuma Mwalimu kuliko yote. Boila ikahamishiwa jikoni nyumbani, palipo na macho, na Jumapili Mwalimu akawa anaketi pale na kibao cha kukatia mboga, akikibonyeza kile kitufe kwa kidole chake kila kilipofyatuka, kwa sababu njiti ya kiberiti, alisema, ni uvivu. Taulo za kinyozini zikawa zinachemshwa kwenye sufuria, peke yake, kwa sabuni.

Jumatatu iliyofuata Fundi Saa alikuja, kama kawaida, kidevu laini kama yai. Kinyozi alimlaza, akamfunika taulo mpya ya moto, akajisikia mwepesi moyoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Chini ya taulo kifua kilipanda mara moja, kikasimama. Fundi Saa akaitoa taulo mwenyewe.

"Hii ni ipi?"

"Safi hiyo. Ya sufuria. Hainuki kitu tena, usiwe na wasiwasi."

Fundi Saa aliikunja mara mbili, akaiweka mapajani. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Nilijua, Daktari," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Sikuwa nakunywa. Nilikuwa napumua tu."

Kinyozi alibaki na brashi mkononi, povu linamdondokea kiatuni. "Unafukuzwa nyumbani, unalala na saa, na unajua? Mbona hukusema?"

"Ungezifua."

Kinyozi alimhurumia mpaka akataka kulia, na hakuwa mtu wa kulia akiwa na wembe karibu. Fundi Saa akainuka, akamshika bega, akatoka, akapita mbele ya baa ya jirani bila kugeuza shingo, akaenda kazini.

Hakurudi wiki hiyo, wala iliyofuata. Alipokuja tena alikuwa na ndevu kweli kweli, nyeusi kwa nyeupe, na Kinyozi akampaka povu, akaushika wembe, na safari hii ulikuta kitu.