Nafasi ya Dil Kaji Kwenye Mkeka

Mdogo wangu Dil Kaji alifariki mwaka juzi, katika mwezi wetu wa baridi wa Push, asubuhi yenye ukungu, akiwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, na kifafa ndicho kilichomchukua, amelala kitandani kwake. Wengi katika mtaa wetu hapa mjini Patan wanamkumbuka kama yule mtu aliyeziba masikio ngoma za sikukuu zikipita. Mimi nataka aandikwe alivyokuwa, pamoja na nilichomfanyia.

Alikuwa mshonaji wa sahani za majani. Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake, na wanaume walimtania wakipita barazani.

"Dil Kaji, lini tunakuoza?"

"Hakuna tarehe," alijibu bila kuinua macho.

Sahani yake ilikuwa na vijiti vya mianzi kumi na vinne, havipungui wala havizidi. Akikuta jani lenye tundu alilirudisha kwa muuzaji, na kama duka limefungwa alisimama mlangoni mpaka lifunguliwe. Hakupenda kushikwa. Hakuwa msemaji, ila alijua tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu wa ua wetu, na hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake. "Wewe ni wa tarehe nne, mwezi wa Baisakh," angemwambia mama wa watu anayekwenda kuteka maji, naye mama angecheka au angekasirika, kutegemea umri wake.

Alipokuwa na miaka thelathini na mitatu ndipo daktari mmoja mwanamke, aliyekuwa akimwangalia kifafa, alipotuambia kwamba ana usonji. Baba aliuliza dawa.

"Hauna dawa, baba. Lakini hana watu, na hilo linamuumiza kuliko kifafa."

"Sisi je?"

"Nyinyi ni nyumbani. Mtafutieni mahali pa kukaa na wenzake."

Njiani Baba alinung'unika mpaka tukafika darajani. "Tumemlea miaka yote hii, leo tunaambiwa sisi si watu."

Basi nikaanza kutafuta. Nilienda kwanza kwenye kituo kimoja ng'ambo ya mto, chenye picha za vipepeo ukutani. Mwalimu alinipokea vizuri, akaniuliza umri wa mgonjwa wangu, kisha akafunga daftari.

"Kwetu mwisho ni miaka kumi na minane, dada."

"Na wakifika kumi na minane wanakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Yeye ndiye aliyenielekeza kwenye kikundi kilichokutana kila Jumamosi katika chumba cha kupanga. Nilimchukua Dil Kaji, tukapanda ngazi, nikamwacha nje ya mlango na majani yake. Ndani walikuwamo kina mama kumi na mmoja na birika la chai. Mmoja alikuwa analia na wengine wanamfariji.

"Na wa kwako ana miaka mingapi?" wakaniuliza.

"Ni mdogo wangu, ana thelathini na mitatu. Nimemleta, yuko hapo nje."

Walitazamana. Mkubwa wao akanishika mkono kwa upole. "Dada, hapa tunakuja kupumzika mbali nao."

Siwalaumu. Wana wao walikuwa wamebaki nyumbani, wengine wamefungiwa, na zile saa mbili ndizo zilizokuwa pumzi yao. Ila nilishuka ngazi bila kunywa chai.

Kulikuwa na kundi la kwenye simu pia, la watu zaidi ya mia tatu, karibu wote wazazi wakipeana habari za madaktari. Siku moja akaandika kijana aliyeitwa Prabesh, wa miaka ishirini na tisa: "Natafuta mtu wa kukaa naye. Si lazima kuongea." Nilimjibu kabla sijamaliza kusoma.

Walikutana kwenye benchi la bustani, Jumamosi. Dil Kaji alishona majani. Prabesh alitazama kwenye simu yake ndege zilizokuwa zinatua. Baada ya dakika arobaini Prabesh alisimama.

"Nimemaliza."

"Haya," akasema Dil Kaji.

Njiani nilimuuliza ilikuwaje. "Nzuri."

"Mbona hamkuongea hata neno?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Tulikaa."

Walikaa Jumamosi nne. Kabla ya ile ya tano baba yake Prabesh alipiga simu: familia nzima inahamia Australia kwa mwanawe mkubwa. Nilimweleza Dil Kaji, naye alielewa, lakini aliendelea kwenda kwenye lile benchi miezi miwili, dakika arobaini, peke yake, mpaka mvua zilipoanza. Baada ya hapo nilichoka. Nasema kweli, nilichoka.

Baba akafariki mwaka wa pili yake. Na hapo lazima nieleze jambo la kwetu. Kila nyumba ina chama chake cha kufa na kuzikana, ingawa sisi hatuziki, tunachoma kando ya mto. Tunakiita guthi. Hakiombwi, mtu anakirithi. Chetu kina nyumba kumi na tisa, na kila nyumba hutoa mwanamume mmoja, ambaye hukaa kwenye karamu ya mwaka na hufika kila anapokufa mtu. Miaka yote alikwenda Baba. Sasa mwanamume aliyebaki nyumbani alikuwa Dil Kaji.

Sikukumbuka maneno ya daktari hata kidogo. Niliuona ni mzigo mwingine, na niliazimia kumtuma Bikesh, mtoto wa baba mdogo. Lakini Mzee Bekha alikuja mwenyewe. Yeye ndiye mkubwa wa wote kwa umri, kwa hiyo ndiye kichwa cha guthi.

"Mwanamume wa nyumba hii ni nani?"

"Dil Kaji, babu. Lakini si unamjua?"

"Namjua. Aje na kofia."

Katika karamu yetu wanaume hukaa kwenye mkeka mmoja mrefu, mzee kuliko wote mbele, na kila mtu chini ya aliyemzidi umri. Chakula hufuatana kwa mpangilio ambao haujabadilika tangu enzi za mababu: mchele wa kupondwa, soya nyeusi, nyama ya nyati, mboga, mpaka mtindi mwishoni. Hakuna anayenyanyuka kabla ya mzee. Hakuna anayelazimishwa kuongea. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na wanawake wenzangu wanaohudumu, nimejaa hofu, nikamwona mdogo wangu ameketi nafasi ya kumi na nne, mabega yameshuka, mikono imetulia. Sikuwa nimewahi kuona mabega yake yameshuka mbele ya watu. Nilimshukuru palepale mungu wetu Ganesh, mwenye kihekalu pembeni mwa ua, nikiwa na bakuli mkononi.

Kisha akapiga magoti. "Gopi Lal amekaa vibaya."

"Nani?" akauliza Gopi Lal, muuza nyama, mtu mkubwa wa mwili na sauti.

"Astaman ni wa tarehe mbili Kartik. Gopi Lal ni wa kumi na tatu, mwaka uleule. Astaman akae juu."

"Nimekaa hapa miaka ishirini, we mshona majani!"

"Miaka ishirini," akadakia Astaman, aliyekaa chini yake, "umekuwa unaninyang'anya mnofu wa nafasi yangu! Sogea!"

Mzee Bekha alicheka mpaka akakohoa. Walibadilishana nafasi.

Mwaka ule Dil Kaji alikuwa mtu mwingine. Walimpa kazi ya kupeleka taarifa za msiba. Aligonga mlango kwa mlango akisema sentensi moja, "Fulani amekufa, saa nane mtoni," akaondoka kabla hujauliza. Kubeba jeneza hakuweza kwa sababu ya kuguswaguswa, basi walimpa kuni, naye alizipanga kando ya mto kwa urefu. Ukutani kwake aliandika kwa penseli majina kumi na tisa, moja chini ya jingine. Akifa mmoja, alifuta na kuandika upya. Kila jioni aliyasoma yote.

Karamu ya pili ilipofika, mzee mmoja wa juu yake alikuwa ametangulia, kwa hiyo Dil Kaji alikaa nafasi ya kumi na tatu. Nilikuwa namimina pombe ya mchele aliposema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, uso wake umejaa furaha:

"Babu Bekha, mwaka huu nimepanda moja. Ukifa wewe, nitapanda tena."

Vikombe vilisimama. Mtu mmoja akatema mate pembeni kuondoa nuksi. "Mkosi tumeuita wenyewe," akasema Gopi Lal, "tukaupa na sahani."

Sikumtazama Mzee Bekha. Nilimtazama Gopi Lal, kisha miguu yangu. Nikaweka chini birika, nikamwita mdogo wangu, nikamnyanyua mkekani kabla ya mzee kunyanyuka, jambo ambalo halifanywi. Uani alisimama mara tatu.

"Dada, mtindi bado."

"Twende."

"Mtindi bado, dada."

Asubuhi, baada ya sala, nilikwenda na matunda nyumbani kwa Mzee Bekha. Alikuwa ametoka. Nilimkuta mkwe wake akichambua mchele mlangoni.

"Mtusamehe kwa jana," nikamwambia. "Kuanzia sasa atakuja Bikesh."

"Haya, nitamwambia," akasema, na akaendelea kuchambua.

Hakuna aliyenituma. Hakuna hata aliyelalamika nyumbani kwetu. Niliona aibu, nikaifanya aibu yangu kuwa hukumu ya mtu mwingine.

Nilipomwambia Dil Kaji, alifikiri kidogo. "Bikesh ana miaka ishirini na minne. Atakaa mwisho."

"Ndiyo."

"Mimi ni wa kumi na tatu."

"Najua."

"Nimekosa nini?"

Hakuwa mtu wa kuuliza maswali ya namna hiyo. Nilimwambia, "Hujakosa. Wamekupumzisha."

Siku ya karamu iliyofuata alivaa kizibao cheusi cha Baba na kofia tangu adhuhuri, akakaa kwenye ngazi. Bikesh alipokuja kupita akamwambia kwa unyenyekevu, "Kaka, leo ni mimi." Dil Kaji akasogea ampishe. Alibaki pale na kizibao chake, akisikiliza sauti kutoka upande wa pili wa ua, mpaka zikaisha. Baadaye nilikuta ule ukuta umefutwa. Si jina moja, yote.

Alifariki baada ya wiki chache. Bikesh ndiye aliyepeleka taarifa, na wanaume wa nyumba zote walifika, wakambeba, wakamchoma kwa kuni ambazo hakuna aliyezipanga kwa urefu.

Mwaka jana zamu ya kupika karamu iliangukia nyumba yetu. Nilipofika kwa Mzee Bekha na birika, alifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Tirtha. Kwa nini ulimtoa?"

"Babu, alikutamkia kifo mbele za watu."

"Nina miaka themanini na mitatu. Hawa wote wananiambia nitafika mia. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ananihesabia sawasawa. Nilitabasamu siku ile. Hukuniona?"

"Sikukutazama, babu."

"Mwaka mzima nilimngoja arudi. Niliambiwa nyumba imeleta mtu mwingine, nikadhani amekataa mwenyewe. Nyumba ndiyo inayochagua, mimi siwezi kuingilia." Akaondoa kiganja. "Alijua kwamba sikukasirika?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa, akaangalia chini kwenye mkeka. Niliendelea kumimina, kwa Astaman, kwa Gopi Lal, kwa wengine, kwa sababu watu walikuwa wamekaa na karamu haisimami.

Kila alfajiri nakwenda kwa Karunamaya, mungu wetu wa huruma, na taa na maua. Zamani nilikuwa naomba anisamehe. Siku hizi nasimama tu pale mpaka wengine wanaanza kunisukuma na sinia zao. Dil Kaji hakuwa na kinyongo na mtu, hakukijua. Aliniuliza swali moja maishani mwake, nami nikamdanganya, na akaondoka akiamini kwamba watu kumi na wanane hawakumtaka, wakati aliyemkataa nilikuwa mimi.