Kusindikizwa na Mama

Sisi tuliokulia pekupeku kijijini Swima, kando ya ziwa, kutembea kwetu hakukuwa na jina. Ulikwenda shule, ulipanda mlimani kwenye shamba la mihogo, ulirudi na kuni kichwani na njaa ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, tumboni, basi.

Lakini safari niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kusindikiza mgeni. Mgeni akishaaga, mama ananiita: «Beba mufuko ya tantine, twende.» Tulimpeleka huyo shangazi hadi mtoni, na hapo tukasimama tena kuongea kama vile hatukuonana nyumbani. Kwetu mama alikuwa mtu wa kupika na kunyamaza, maana nyumba ilijaa masikio. Wakati wa kurudi tulibaki wawili tu, mchanga wa ziwa ukituchoma nyayo, harufu ya samaki wadogo wa ndagala walioanikwa ikitufuata, ndipo alipofungua moyo. Alinieleza jinsi alivyoolewa, na mtoto aliyemzika kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani hakurudia hata neno moja.

Siku hizi naishi mjini Baraka, na mama yuko hapa hapa, kwa dada yangu, upande wa pili wa mji. Miaka yote nilimtembelea kwa pikipiki. Aibu, jamani! Mama anatafuta sandali zake anisindikize, pikipiki inaunguruma, nami nimeshapanda. Halafu nawacheka batoto wangu, ambao hata chumvi ya dukani wanataka kuifuata kwa pikipiki!

Mwaka huu muganga wa hospitali alinipima tansio, yaani presha ya damu, akatikisa kichwa: «Papa, tembea kila siku.» Nikaanza. Majirani wakauliza: «Papa, pikipiki imekufa?» Magoti yaliuma, sikuacha, maana nilijua ninachokitaka. Nilitaka mama anisindikize tena, aniambie yale ya njiani.

Jumapili iliyopita nilifika kwake kwa miguu. Tulikula, akanyamaza kama kawaida yake. Nilipoaga nikasema: «Mama, leo sina pikipiki. Tutembee.» Mama wee, alivyofurahi! Akavaa sandali, akanishika mkono. Hatukumaliza hata uwanja wa nyumba. Akasimama akihema, mkono kiunoni.

«Mi nimefika, mutoto wangu. Iko mingi ya kukuambia, lakini miguu inakataa.»

Nikamrudisha kwenye kiti, katikati ya wajukuu na kelele zao, naye akanyamaza. Nilirudi peke yangu, na miguu yangu haikuchoka hata kidogo.